Plaza Isiyo na Meya

Madrid,
Novemba

Kwa Baba, na kwa Mama anayesoma,

Hamjambo huko nyumbani? Goti la Baba linasemaje na mvua hizi za mwisho? Na kikohozi cha Mama kimeisha, ama bado unakiita vumbi la mahindi tu? Mimi ni mzima. Baridi imeanza huku, na si ile yetu ya Julai ambayo mtu anaishinda kwa sweta na chai ya tangawizi. Navaa soksi mbili mbili na bado vidole vinalia. Lakini nakula, nalala, na kazi iko, kwa hivyo namshukuru Mungu.

Baba, kabla hujauliza kwa nini nimeandika barua kama watu wa kitambo wakati simu iko, jibu ni wewe. Kwa simu mimi na wewe hatuongei, unahutubia. Unaniuliza swali, unalijibu mwenyewe, unanipongeza kwa hilo jibu, halafu unasema "haya mami, nisikumalizie credit", hata kama ni mimi nimepiga. Barua haikatiki. Mama, nakuomba usome yote kwa sauti, kwa sababu najua miwani ya Baba ameikalia tena. Akisema "ruka hapo", hapo ndipo usome mara mbili.

Sasa nianze. Jumapili, nikiwa kwa ngazi na mifuko ya viazi, Ndung'u alinitumia picha. Ni picha ya geti letu. Kwa geti kumepigiliwa kibao cha bati nyeupe, na kwa rangi nyekundu ndugu yangu huyo, ambaye tangu shule ya msingi hati yake inatembea kama kuku mlevi, ameandika:

PLAZA MEYA YAMUMBI
INAKUJA HIVI KARIBUNI

Nyuma ya kibao nikaona uwanja wetu. Wote umepigwa pegi na kamba ya fundi, kutoka kwa choo mpaka kwa ua wa Mama Chebet. Kuku mmoja amenaswa mguu. Na katikati ya hizo kamba nikamwona Mama ameinama, anageuza mahindi kwa turubai kana kwamba hakuna kamba, hakuna pegi, na hakuna mwanamume kwa hilo boma. Nikaikuza picha nikatazama mgongo wake. Huo mgongo naujua. Ni mgongo wa mtu ambaye ameamua kutosema kitu, na Baba, wewe umeoa miaka yote hiyo, unajua kwamba Mama akisema kuna nafuu, lakini akinyamaza tuombe.

Nikampigia Ndung'u pale pale. Nikamuuliza hiyo Plaza Meya ni ya nani.

"Ni ya Baba. Si ameiga yako."

"Yangu gani?"

"Si hiyo unafanyia kazi! Plaza ya Meya. Fundi anachimba msingi mahindi yakitoka tu."

Nilikaa chini kwa ngazi, viazi vikashuka vyenyewe mpaka kwa mlango. Ndipo nikaambiwa mengine. Ati ulisimama kanisani siku ya shukrani ukasema binti yako ameajiriwa kwa plaza ya Meya wa Spain, kana kwamba Spain nzima ina meya mmoja. Ati kwa posho mill, pale mnaposaga unga, unaitwa Baba Meya na unaitika. Ati wamama wa kanisa wananiombea nisipandishe mabega. Ngai! Na mimi huku naosha miguu ya nyanya wa watu.

Nimejaribu kukumbuka tulikosania wapi. Nadhani ni ile siku niliyokuambia nimepata kazi Plaza Mayor. Ulifurahi, ukaanza maswali. "Ina gorofa ngapi?" Nikasema tatu, na maduka chini. "Tatu tu?" Nikasema kitambo zilikuwa tano, zikaungua. "Pole kwa Meya. Wapangaji wako?" Nikasema wako. Ukauliza parking. Nikakuambia parking iko chini ya ardhi, nikasikia ukipiga mluzi. "Na watu wanaingia kweli?" Nikasema wanaingia kutwa nzima, kutoka dunia yote. Aki Baba, kila jibu nililokupa lilikuwa la kweli, na kila jibu lilikuwa linakuchimbia msingi.

Kwa hivyo sikiliza. Plaza si jengo. Kwa wenyewe huku, plaza ni ile nafasi iliyo katikati ya majengo. Ni uwanja. Ni pale ambapo hakuna kitu. Najua kwetu Eldoret mtu akimaliza gorofa ya pili anaandika plaza juu, na hata yule wa Huruma mwenye vibanda vya mabati ameandika plaza, lakini ni sisi tuliochukua jina la uwanja tukalijengea ukuta na ngazi. Na Mayor si meya. Wanaandika hivyo hivyo kama "mayor" wa Kiingereza, lakini wanatamka "mayór", na maana yake ni kubwa. Plaza Mayor ni Uwanja Mkubwa, basi. Meya yuko, lakini ofisi yake iko mtaa mwingine kabisa na sijawahi kumwona hata mgongo. Kwetu wenyewe mameya waliisha siku magavana walipoingia, lakini huko Yamumbi naona mmefufua mmoja.

Mama, simama hapo kidogo. Mpe maji.

Usione aibu, Baba, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia kwa shimo hilo hilo. Siku yangu ya kwanza niliambiwa kwa simu tukutane na tajiri wangu Plaza Mayor, karibu na farasi. Mimi ni mtu wa Eldoret. Nikaanza kutafuta jengo lenye askari wa getini, na ubao wa wapangaji, daktari wa meno gorofa ya kwanza, chuo cha kompyuta ya pili, na kanisa la kelele juu kabisa. Nikapita chini ya tao moja la mawe nikatokea mahali pana, peupe, pamezungukwa na kuta nyekundu pande zote nne. Nikamuuliza polisi, "Plaza Mayor?" Akanionyesha chini. Nikamuuliza mama wa kuuza maua, akanionyesha chini. Kulikuwa na mtu amejipaka rangi ya fedha mwili mzima anajifanya sanamu, analipwa kwa kutosonga. Hata huyo nilimuuliza, na huyo sanamu akainua kidole, akakielekeza chini.

Nikasema basi lazima iko chini. Nikaona ngazi, nikateremka, nikajikuta kwa parking na suti-kesi yangu katikati ya magari. Nikapanda tena nikatokea upande mwingine wa ule ule uwanja. Nilizunguka mpaka machozi yakaanza kutoka. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka kwa balkoni, kali kama ya mwalimu wa zamu: "Wewe wa koti la kijani! Unatafuta nini kwenda na kurudi?"

"Plaza Mayor!" nikapaza sauti.

Alicheka mpaka akashika chuma cha balkoni kwa mikono miwili. Halafu akaninyooshea mkongojo wake, si usoni, bali kwa viatu.

"Umeikanyaga!" akasema.

Huyo ndiye Shosho Engracia, yule nyanya ninayemwosha miguu, na ndiye tajiri wangu. Alizaliwa kwa nyumba hiyo hiyo, baba yake akiuza kofia duka la chini. Mpaka leo akitaka kunichokoza ananiuliza, "Njeri, leo umeiona plaza?" Kazi yangu ni kumwogesha, kumpikia, kumshusha ngazi polepole, na kumsikiliza. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Anakaa kwa balkoni amejifunga blanketi, analalamika juu ya njiwa, watalii na bei ya samaki, na akichoka kulalamika ananifundisha uwanja wake kana kwamba alikuwako mawe yakiwekwa. Nilipompikia ugali aliugusa kwa kijiko akauliza kama ni wa kula ama ni wa kuziba ukuta. Siku hizi akiukosa Ijumaa ananuna.

Nikupe historia, kwa sababu najua unaipenda, na kwa sababu utaona mahali ninakoelekea.

Mwanzoni hapo palikuwa soko tu, nje ya ukuta wa mji. Wachuuzi walipanga bidhaa nje ya lango kwa sababu ukiingia nazo ndani unatozwa ushuru. Kwa hivyo Baba, Plaza Mayor ilianzishwa na watu waliokuwa wanawahepa kanjo, askari wa ushuru. Nilipomweleza Shosho jinsi wauza nyanya wa kwetu wanavyokunja turubai na kukimbia, alisema hao ndio waanzilishi wa miji, waheshimiwe. Mji ukakua ukameza soko. Ndipo wafalme, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, wakasema hapa pasawazishwe, nyumba zijengwe kuzunguka, zote urefu mmoja na uso mmoja.

Na zinafanana kweli. Nguzo za mawe chini, na nyuma yake kibaraza kirefu kinachozunguka uwanja wote, ili ununue kofia yako bila kunyeshewa. Juu ya nguzo ni kuta nyekundu na balkoni nyeusi za chuma, nyingi hata uchoke kuhesabu, na paa za mawe meusi zenye vinara vilivyochongoka. Hakuna anayeruhusiwa kupaka rangi yake mwenyewe wala kuandika "God's Favour" kwa ukuta. Upande mmoja kuna nyumba inaitwa Nyumba ya Mkate, kwa sababu chini palikuwa duka kuu la mikate, na mfalme alipokuja kwa sherehe alikaa juu yake. Siku hizi hiyo nyumba imechorwa usoni wanaume na wanawake wakubwa, na kwa nguo hawakubahatika. Mama, ile picha niliyotuma kwa kikundi cha kanisa ikiwa imekatwa upande, sasa umejua sababu.

Sherehe zenyewe zilikuwa si haba. Walimshangilia hapo mtakatifu wao, mkulima kama wewe, ambaye inasemekana alipokuwa anasali malaika walimlimia shamba na ng'ombe wake. (Mama, usimruhusu Baba ashike hiyo. Malaika wa Yamumbi hawajulikani kulima.) Walipigana na fahali, na si kama Kakamega ambako fahali anapambana na mwenzake wanaelewana, huku ni mtu na fahali. Waliwanyonga watu pia, hapo hapo, na kesho yake soko likafunguliwa. Lakini linalonichekesha zaidi ni hili la wenye nyumba. Siku ya sherehe kubwa balkoni haikuwa yako. Watu wa mfalme walikuja na majina yao, wakakaa kwa viti vya mbele ndani ya nyumba yako, na wewe mwenyewe ukasimama nyuma unachungulia katikati ya mabega ya wageni. Baba, wewe uliyemfukuza diwani kwa kukalia kiti chako, ungeweza?

Halafu moto. Iliungua mara tatu. Mbao nyingi, gorofa tano, na kila jiko linatoa cheche. Ule moto wa mwisho ulipozimwa walikaa chini wakafikiri, wakapunguza gorofa hadi tatu, na zile pembe zilizokuwa wazi wakaziziba kwa matao, mpaka ukuta ukazunguka wote. Unaingia kwa lango tu, na yako tisa. Ndio maana ukipita chini ya tao na kutokea pale ndani, unahisi umeingia kwa ua wa boma la mtu. Siku ile ya kwanza, na machozi yangu na suti-kesi, hicho ndicho kitu nilihisi na sikujua jina lake. Nilihisi nimeingia kwetu, halafu nikakumbuka hakuna ninayemjua.

Katikati kuna yule farasi wa shaba na mfalme juu yake. Huyo nilimwonea huruma bure, kumbe wa kuhurumiwa ni ndege. Farasi alikuwa mtupu ndani, na mdomo wake uko wazi kidogo. Shomoro walikuwa wanaingia kwa mdomo wakitafuta mahali pa joto, wanateremka kwa shingo nyembamba, wakifika tumboni hawawezi kugeuka watoke. Hakuna aliyejua. Ilikuwa mpaka mwaka ule walipofukuza mfalme wao, watu wenye hasira wakatia baruti kwa mdomo wa farasi, tumbo likapasuka, na mifupa midogo midogo ya miaka mingi ikamwagika kwa mawe. Baadaye farasi alirekebishwa na mdomo ukazibwa. Shosho huisimulia hiyo kwa sauti ya chini, halafu anawatukana njiwa ili asilie.

Sasa Baba, hapa ndipo ninakuja kwako. Mama, soma polepole.

Hao watu, kwa miaka yote hiyo, hawajaacha kujaribu kuweka kitu pale katikati. Waliweka bustani na maua, wakaitoa. Wakapitisha tramu, wakazitoa. Wakaegesha magari, yakajaa mpaka mtu hapiti, wakaona heri wachimbe chini wayafiche. Wiki hii wanasimamisha vibanda vya Krismasi vya kuuza nyota na wigi za kuchekesha, na sikukuu zikipita vitatolewa. Kila mwenye akili mpya anakuja na kitu chake, na kila mara wanaishia kusafisha. Farasi peke yake ndiye aliyekubaliwa, na mmesikia alichofanya.

Nilimweleza Shosho habari ya kibao chako. Nilitegemea acheke. Hakucheka, alinihoji kama chifu.

"Huo uwanja wa baba yako, watu huingia bila kubisha?"

"Huingia hata bila viatu."

"Hugombania huko?"

"Kila Jumamosi."

"Kuna fahali?"

"Kuna ng'ombe wa Mama Chebet, akivunja ua."

"Na sherehe?"

Nikaanza kumwambia, Baba, na sikuweza kumaliza. Nilimwambia ndipo wamama wa mtaa wote hupukuchua mahindi, kwa sababu ni sisi tu wenye mahali panapopata jua asubuhi na jioni. Nilimwambia mzee wa Mama Chebet alipofariki, tenti lilipigwa kwetu kwa sababu kwao hapatoshi, na ukakataa kusikia neno asante. Nilimwambia baada ya ule mwaka wa fujo za uchaguzi, wakati Wakikuyu na Wakalenjin wa mtaa wetu walikuwa wanapitana bila salamu, Mama Chebet aliingia asubuhi moja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akakaa kwa gunia, akachukua gunzi akaanza kupukuchua. Hakuna aliyemwita. Mama alisonga tu akampa nafasi kwa turubai. Kesho yake wakaja wengine. Hakukuwa na mkutano wala spika, kulikuwa na mahindi na mahali pa kukaa. Na nilimwambia siku ya kuondoka kwangu mlisimama hapo wote mkaniwekea mikono kichwani, na pasta akaomba mpaka nikaogopa ndege itaniacha.

Shosho alipangusa pua kwa blanketi. "Basi plaza mko nayo," akasema, "na baba yako anataka kuiziba. Mwambie sisi tuliungua mara tatu ndio tukapata akili. Yeye asingoje moto."

Baba, najua kwa nini umepiga hizo pegi. Usifikiri sijui. Yamumbi inajaa gorofa, kila mwenye ploti ana lori la mchanga mlangoni, na wewe tangu uache duka unakaa kwa kile kiti unatazama za wengine zikipanda. Majuzi uliniambia, "Mtu akipita hapa atajua aje kwamba nilikuwa hapa?" Nikadhani ni mzaha, nikacheka. Nimelifikiria hilo neno wiki nzima nikimenya viazi. Sikiza basi nikujibu. Wajenzi wa hizi kuta za huku, hata Shosho aliyezaliwa ndani yake lazima aende kusoma kibao ndio akumbuke majina yao. Lakini hapo Yamumbi hakuna mtu anayesema "twende kwa gorofa ya fulani". Wanasema "twende kwa kina Njeri, pale kwa uwanja". Wanapaita hivyo tangu nikiwa mdogo. Na hakuna siku ulimwuliza mtu amekuja kufanya nini.

Kama ni vyumba unataka, jenga. Sikukatazi, mimi ni nani? Lakini jenga kando, pale kwa duka la zamani, vifuate ua wa barabara, na kibaraza mbele ili watu wasinyeshewe. Upande wa pili ukitaka, ongeza siku nyingine. Hivyo ndivyo hawa walivyofanya. Katikati uache. Ukiijenga katikati, watu wa kupukuchua mtawaweka wapi, kwa ngazi? Na mtoto wako akirudi? Shosho ameahidi nikae naye msimu huu, halafu nipate likizo, na kitu ninachowaza kila nikipita chini ya tao lile ni kimoja. Nataka kufungua geti nione mpaka mlango wa jikoni. Nataka Mama atoke mbio na unga mikononi, akimbie uwanja wote, na mimi nikimbie nusu yangu. Kwa koridoo, Baba, Mama hawezi kunikimbilia.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kama nimekukosea heshima kwa kusema mengi, nipige nikija.

Nisalimieni Mama Chebet, jirani yangu na mama yangu wa pili, na mwambieni mursik wake huku hakuna anayeniamini nikieleza. Nisalimieni tata Wangari, dada ya Baba, na akiuliza kama nimepata mchumba mwambieni kuna mmoja wa rangi ya fedha lakini hasongi. Nisalimieni pasta aliyeniombea, na kwa upole mumweleze habari ya Meya. Msalimieni fundi pia, ni kijana mzuri, kamba zake zimenyooka, azizungushe tu zielekee kando. Na yule kuku afunguliwe mguu.

Ndung'u, ndugu yangu, wewe nina kazi yako. Kile kibao usikitoe. Tata na watu wa posho mill wameshakizoea, na Baba hawezi kuvuliwa umeya mbele ya watu. Chukua rangi nyeupe, panda kwa geti, na ufute maneno mawili tu kwa ule mstari wa chini. Futa INAKUJA. Futa HIVI. Lile la mwisho liache lilivyo, hata kama limepinda: KARIBUNI.

Ni mimi binti yenu ninayewapenda,

Njeri wa Uwanja Mkubwa